MGENI ASIYEKULA NYAMA
(Maneno ya Kamati ya Mapokezi mbele ya mkutano wa wanachama)

Ndugu wanachama,

Msimu uliopita tulipokea wanunuzi wa mbaazi kutoka India, watu wasiokula nyama. Sisi tukachinja mbuzi. Wageni wakala wali mkavu, wakashushia maji. Jamani, aibu ile! Lawama tukawatupia akina mama wa jikoni, kumbe kosa ni letu kamati: hatukuuliza.

Basi tuelewane. Kutoa minofu sahanini hakutoshi. Mchuzi wa nyama ni nyama. Samaki na dagaa nao ni nyama. Maharage yaliyochemshwa na mifupa ndiyo yale yale. Wengi wao hata mayai hawali, ila maziwa na samli wanatumia. Wale wa dini ya Jaini, wengi hawagusi vitunguu, viazi wala karoti, maana kuving'oa ni kuua mmea na vidudu vya ardhini.

Mwezi ujao wanakuja tena. Tuulize mapema. Sufuria na miiko iwe ya peke yake. Tupike mbaazi za nazi, mchicha, wali na chapati. Mbuzi abaki zizini.

Wapo wanaosema kutochinja ni kumdharau mgeni. Hapana ndugu, heshima ni mgeni ashibe. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kununua mbaazi, bei ilianguka, wote tuliumia. Wao wanazifuata mbaazi zetu toka mbali. Sisi tuliozilima tuone haya kuwapakulia?

Mgeni njoo, mwenyeji apone.