Kabla ya Kutoa Mchango wa Safari, Tuone Karatasi



Tunataka kuzungumzia jambo linalofika mezani kwenu mara kwa mara. Kijana wa jumuiya amepata kazi nje ya nchi, na familia inaomba harambee ya kumsafirisha. Mara nyingi ni binti anayekwenda Saudi Arabia, Qatar au Falme za Kiarabu kufanya kazi za nyumbani.

Hatukuja kuwaambia msichange. Kazi ya nje imelipa karo na kujenga nyumba katika vijiji vyetu. Kukataza nako kumejaribiwa: mwaka 2014 serikali ya Kenya ilifuta leseni za mawakala waliokuwa wakipeleka wafanyakazi Mashariki ya Kati, lakini watu waliendelea kuondoka kwa njia za panya, bila mkataba na bila mtu wa kuwauliza. Mwishoni mwa 2017 njia ilifunguliwa tena kwa masharti mapya. Ombi letu leo ni moja: kamati isitoe fedha kabla haijaona karatasi.

Kwa nini tunasisitiza hivyo? Katika nchi nyingi za Ghuba, mfanyakazi mgeni huingia kwa udhamini wa mwajiri, mfumo unaoitwa kafala. Kibali chake cha kukaa nchini kinamtegemea mwajiri huyo. Akiondoka nyumbani kwa bosi bila idhini, anaweza kuripotiwa kuwa ametoroka, naye akakamatwa hata kama alikuwa akikimbia kipigo au mshahara usiolipwa. Kwa hiyo aliyesafiri na karatasi mbovu ni vigumu sana kumsaidia akiwa huko. Msaada mkubwa zaidi ni ule unaotolewa kabla hajapanda ndege.

Tena tusiseme tu "anakwenda Uarabuni". Kila nchi ina sheria zake. Qatar ilibadilisha sheria mwaka 2020, na mfanyakazi anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ruhusa ya yule wa kwanza. Sheria ya mwaka 2022 ya Falme za Kiarabu inampa mfanyakazi wa nyumbani siku moja ya mapumziko kila juma na haki ya kukaa na vitambulisho vyake mwenyewe. Saudi Arabia ilianzisha mageuzi ya kazi mwezi Machi 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya mageuzi hayo. Sheria nzuri nayo husaidia tu pale inapofuatwa, na anayefanya kazi ndani ya nyumba ya mtu haonekani kwa urahisi na mkaguzi.

Basi familia inapoleta ombi, kamati iulize maswali haya:

Kwanza, wakala ni nani, na ana leseni? Wakala wa kibinafsi nchini Kenya lazima asajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Jina na leseni vithibitishwe na mamlaka yenyewe, si kwa neno la jirani aliyemleta wakala.

Pili, mkataba uko wapi? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa kazi. Afisa huyo anapaswa kuridhika kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari yake na kwamba afya yake inamruhusu. Mkataba usomwe kwa sauti kwa lugha anayoielewa msafiri: mshahara, saa za kazi, mapumziko, na nani analipa nauli ya kurudi.

Tatu, viza ni ya nini? Viza ya matembezi si viza ya kazi. Anayeambiwa "kazi utaipata ukifika" bado hana kazi.

Nne, fedha tunazochanga zinalipia nini? Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala asimtoze mtafuta kazi ada. Wakala anayedai fedha nyingi taslimu, bila risiti na kwa haraka, tumtilie shaka.

Tano, nani amebaki na nakala? Pasipoti, viza, mkataba, na simu na anwani ya mwajiri, vyote viachwe nyumbani. Siku msafiri akinyamaza, hizo ndizo karatasi ambazo ubalozi utaziuliza.

Kwa wafadhili wetu tuna neno moja. Nauli ya basi ya kumpeleka mzazi na binti yake kwa afisa wa kazi ni ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya kumrudisha mtu aliyekwama, sembuse kurudisha mwili wake. Tusaidieni kwenye hiyo nauli.

Wanakamati, kuna watakaosema mnachelewesha baraka ya mtu. Vumilieni. Wakala mwaminifu ataleta karatasi zake siku hiyohiyo. Asiyetaka kuzileta amekwisha kuwajibu.