Treni ya Wafanyakazi kwenye Reli ya Madini

Maneno kwa wafanyakazi wa migodi na watu wa mji



Mlituuliza: reli ipo, tunaiona kila siku, namna gani hakuna treni ya kutupeleka kazini asubuhi na kuturudisha jioni? Swali ni la haki, na tutalijibu bila kuficha neno.

Reli hii haikujengwa juu ya kupeleka watu kazini. Ilifika Lubumbashi mwaka 1910, mji ukiitwa Elisabethville, na kazi yake ilikuwa shaba. Tena ni njia moja tu. Treni mbili zikikutana, haziwezi kupishana ila penye stesheni yenye njia ya pili. Moja lazima ingoje. Basi nani atangoja? Shaba ikichelewa saa tatu haifukuzwi kazi. Sisi tukichelewa nusu saa, kapita anakata siku. Lakini mwenye shaba analipa kwa tani, na mapatano yake yameandikwa. Abiria analeta franka chache mkononi, hana karatasi. Anayeongoza treni anajua atampitisha nani kwanza.

Kuna vilevile reli yenyewe kuchakaa. Mzigo waweza kwenda polepole mahali pabovu. Mfanyakazi mwenye saa yake hawezi. Watu wanataka breki nzuri, taa, na mahali pa kushukia pasipo kuruka kwenye mawe. Na ajali ikitokea, nani atalipa? Hapo wakubwa wengi hunyamaza.

Tusidanganyane, watu wanapanda tayari. Treni iliyoanguka Buyofwe, upande wa Lubudi, mwezi wa Machi 2022, ilikuwa ya mizigo. Walikufa watu zaidi ya 60. Iliandikwa kwamba walipanda kwa kujificha. Kumbe mtu anayejificha juu ya vagoni ni mtu aliyekosa treni ya kupanda.

Msifikiri jambo haliwezekani. Dar es Salaam walianza Oktoba 2012. Hawakungoja kujenga reli mpya: walitumia reli ya zamani ya kati, na ile ya TAZARA, ambayo shaba yetu pia imepita juu yake kwenda bandarini. Treni za watu zilipewa saa za asubuhi na jioni. Shida hazikukosa, mabehewa yalikuwa machache na watu walisongamana. Hata hivyo saa ya watu iliandikwa kitabuni.

Sasa tuseme juu ya Kipushi, iliyo karibu kilomita 30 na Lubumbashi. Mwaka 2017 wenye mgodi walipatana na SNCC kutengeneza upya kilomita 34 za reli, Kipushi mpaka Munama, juu ya mzigo wa mgodi. Karatasi za namna hiyo zinapoandikwa ndipo sisi tunatakiwa kuwa mlangoni, kwa maana reli ikiisha kutengenezwa na saa zote zimeuzwa kwa mzigo, tutaambiwa hakuna nafasi.

Kwa hiyo tunapeleka maulizo haya kwa wenye reli. Njia ya pili ya kupishana itakuwa wapi? Treni itasimama wapi katikati? Nani atalipia watu wakiumia? Na kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja asubuhi, reli ni ya nani? Wajumbe wenu watasoma majibu mbele yenu, na kama hakuna jibu, watasema hivyo.