Redio ya Betri na Wi-Fi

 

Sisi wauguzi tumepewa dakika chache kujibu swali la vijana: ikiwa kila kitu kiko kwenye simu, redio ni ya nini tena? Tunawaelewa. Hapa Cedar-Riverside tunasikiliza vituo vya Nairobi na Mombasa tukiwa ndani ya basi, na shangazi wa Kisumu tunamwona usoni bila kununua kadi ya simu. Waliotutangulia walingoja barua kwa wiki kadhaa. Hatutaki kurudi huko.

Tena kuna siku intaneti ilifanya kazi ambayo runinga ilizuiwa kuifanya. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipokula kiapo Uhuru Park, serikali ilizima Citizen, NTV na KTN. Wenye simu na bando waliendelea kutazama mtandaoni, nasi huku vilevile. Mama wa kijijini mwenye antena alibaki na kioo kitupu. Miaka mitatu baadaye, Januari 2021, Uganda ikawa kinyume: wakati wa uchaguzi intaneti ilikatwa siku tano hivi, na redio zikaendelea kusema. Mara zote mbili, aliyekosa habari ni yule aliyekuwa na njia moja tu.

Tukio la karibu zaidi ni la hapa Minneapolis. Jioni ya tarehe 1 Agosti 2007 daraja la I-35W lilianguka ndani ya mto Mississippi, umbali wa kutembea kutoka hapa tulipo. Watu 13 walikufa, 145 wakaumia. (Tarehe hiyohiyo, miaka 25 kabla, wanajeshi walimlazimisha Leonard Mambo Mbotela kutangaza mapinduzi kwenye Sauti ya Kenya. Wazee, mnakumbuka mlikuwa wapi.) Daraja lilipoanguka kila mtu alipiga simu kwa wakati mmoja, na mitandao ya simu ikalemewa. Kwa bahati, jiji lilikuwa limeanza kujengewa Wi-Fi ya mitaani, na kampuni iliyokuwa ikiijenga ikaifungua bure. Ilisaidia kazi ya uokoaji. Kwa hiyo anayesema Wi-Fi ni mchezo wa watoto hajui asemalo.

Lakini angalieni kwa nini mitandao hulemewa. Kwenye intaneti kila msikilizaji hupelekewa nakala yake mwenyewe, kama muuguzi anayegawa dawa kitanda kwa kitanda. Wagonjwa wakiwa kumi, sawa. Wakiwa elfu, wa mwisho atangoja hadi kesho. Redio ni kama kipaza sauti cha hospitali: kikisema mara moja wote husikia, na msikilizaji wa milioni haongezi mzigo wowote kwenye mnara. Hata ile tahadhari ya kimbunga inayolia kwenye simu zenu zote kwa pamoja hutumwa namna hiyo, mnara ukitangaza mara moja kwa simu zote zilizo karibu. Watu wa simu wameazima mbinu ya redio!

Sisi tunaowatembelea wazee katika maghorofa ya Riverside Plaza tunaona jambo jingine. Mzee ambaye macho yamefifia hawezi kupekua simu. Neno la siri amelisahau, na mjukuu yuko shule. Redio anaizungusha kwa kidole. Nayo haimuulizi jina, wala haiandiki popote alichosikiliza. Msilidharau hilo. Habari za ukimwi au za magonjwa ya akili, ambazo kwetu bado zinaonewa haya, mtu huweza kuzisikiliza jikoni kwake bila yeyote kujua.

Kwa maoni yetu, Wi-Fi itachukua nafasi ya runinga, na kwa vijana imeshachukua. Redio bado. Hata kituo cha KFAI, kilichoanza 1978 na kiko hapa Riverside Avenue, husikika kwenye intaneti, lakini hakijaacha masafa yake ya 90.3 FM.

Watoto, tuna ombi. Kila mwenye nyanya au babu ghorofani amtafutie redio ndogo ya betri inayoshika FM na matangazo ya hali ya hewa. Mfundisheni kuiwasha gizani, maana umeme ukikatika ndipo ataihitaji. Betri mzibadilishe mara mbili kwa mwaka, siku ile tunapogeuza saa.