Asali Yetu na Ushuru wa Wenzetu

Mazungumzo na wajumbe wa kamati za parokia pamoja na wafadhili, Kipalapala



Nimeombwa niseme juu ya ushuru wa nchi za nje na msaada wa serikali kwa wafanyabiashara wa mkoani. Mtasema hayo ni mambo ya Dar es Salaam na Brussels. Mimi nasema ni ya hapa hapa.

Mko kwenye njia ya zamani ya misafara, toka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji. Watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita. (Siku hizi neno hilo lina maana nyingine, nanyi mnaijua.) Mwaka 1833 Seyyid Said alikubaliana na Marekani kwamba bidhaa zao zitozwe asilimia 5 tu huko Zanzibar. Baadaye amerikani, kitambaa cha viwanda vya Massachusetts, kilifika hadi Unyamwezi kikawabana wafumaji wetu. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji, wafanyabiashara wa Tabora walishika bunduki. Kwa hiyo msishangae nikisema ushuru ni habari ya Wanyamwezi.

Leo habari yetu ni asali. Ushuru wa kawaida wa asali kuingia Ulaya ni asilimia 17.3. Sisi hatulipi. Tangu mwaka 2001 Umoja wa Ulaya una utaratibu uitwao "Kila Kitu Isipokuwa Silaha", unaosamehe ushuru bidhaa za nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo, na Tanzania imo katika orodha hiyo. Lakini mwaka 2024 kamati ya Umoja wa Mataifa iliona kwamba kwa mara ya kwanza tumefikia vigezo vya kutoka. Si kesho wala kesho kutwa, maana vigezo hufikiwa katika mapitio mawili mfululizo, na hata baada ya kutoka Ulaya hutoa miaka 3 ya mpito. Ila siku hiyo inakuja.

Majirani zetu Kenya wamejiwekea akiba. Mwaka 2016 Tanzania ilikataa kutia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Afrika Mashariki na Ulaya, ikihofia viwanda vyake. Sikuilaumu, na hata sasa siilaumu. Kenya ikaenda peke yake, na mkataba wake ulianza kazi Julai 2024. Basi fikirini pipa la Sikonge na pipa la Baringo bandarini Hamburg, moja linalipa, moja halilipi. Mnunuzi atachukua lipi?

Marekani imetuonyesha jinsi msamaha unavyoyeyuka. Aprili 2025 ilitangaza ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa zetu, na Septemba mwaka huo huo muda wa AGOA, mpango ulioanza mwaka 2000, ulifika mwisho bila kuongezwa kwa wakati.

Serikali isaidie vipi? Wengi husema: itulipe fidia. Juni 2009, dunia ilipoyumba kifedha, serikali ilitangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7, na sehemu yake ilifidia hasara za wanunuzi wa mazao kama pamba. Lakini msaada ule ulipitia kwenye mikopo ya benki. Mrina asali mwenye mizinga ya magome msituni hana mkopo wala karatasi. Fidia ya namna ile itampita tena.

Mimi ningeomba maabara. Nchi inayouza asali Ulaya lazima kila mwaka ipime masalia ya dawa, na hapa ndipo pananiogopesha kuliko ushuru wenyewe. Wakristo wetu wale wale wanaofuga nyuki wanalima tumbaku. Wanapuliza dawa shambani, na nyuki haulizi mpaka. Wanakata miombo ya kukaushia tumbaku, na miombo ndiyo malisho ya nyuki. Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko hapa Tabora. Wataalamu wapewe magari na fedha za kupimia, wafike vijijini.

Na tusijifiche nyuma ya serikali. Mwaka juzi mnunuzi mmoja alikataa mapipa ya kikundi chetu kwa sababu asali ilinuka moshi. Ushuru haukuhusika hata kidogo. Tulirina kwa mienge, basi. Asali ile iliishia kwenye wanzuki.

Kwa hiyo, wafadhili, mizinga mmetupa mingi, asanteni sana. Safari hii tusaidieni vifaa vya kurinia, vichujio na gharama za vipimo. Nanyi wajumbe, kila kikundi kisajiliwe na kiandike nani amerina, wapi, lini, ndoo ngapi, na shamba la tumbaku la karibu liko umbali gani. Madaftari yako mezani pale karibu na mlango. Msiondoke bila kuchukua.

Karibuni kwa maswali.