Shangazi wa Namanga Aliniuliza: Ninyi Wenu Mnampimaje?

(Maneno niliyosema kwenye mkutano wa ndani wa vijana, Arusha, Jumamosi tarehe 23 Julai 2022. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

 

Nilipangiwa nizungumzie "sifa za kiongozi bora". Mtanisamehe, mada hiyo tumeisikia tangu darasa la tano. Leo nataka tuzungumzie uchaguzi wa jirani, halafu turudi nyumbani.

Nina shangazi ameolewa Namanga, upande wa kule. Anauza vitenge, ana kitambulisho cha kule, na tarehe 9 Agosti anapiga kura. Wiki mbili zilizopita akanipigia simu: "Wewe si unasoma sheria? Hebu nipimie. Ugavana wa Kajiado kura nimpe nani?"

Nikamwambia shangazi, mimi sipigi kura Kenya, siwezi kukutajia jina. Lakini naweza kukuonyesha mizani. Tukakaa kwenye simu hadi salio lake likaisha.

Kwanza nikamwuliza: shangazi, gavana kazi yake ni nini? Maana huwezi kumpima fundi kama hujui unajenga nini. Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, imegawa kazi. Kaunti ina hospitali na zahanati za kaunti, kilimo na mifugo, maji, barabara za kaunti, masoko, shule za chekechea. Polisi si wa gavana. Walimu wa sekondari si wa gavana. Kwa hiyo mgombea ugavana akikuahidi kuajiri walimu wa sekondari, ama hajui kazi anayoiomba, ama anajua na anakudanganya. Wote wawili wapunguzie alama.

Pili, rekodi. Hapa shangazi ana bahati, kwa sababu wagombea watatu wanaotajwa zaidi wote wamewahi kushika ofisi. Joseph ole Lenku ndiye gavana tangu 2017, na kabla ya hapo alikuwa waziri wa usalama wa ndani hadi mwisho wa 2014. David Nkedianye alikuwa gavana wa kwanza wa Kajiado, 2013 hadi 2017, wananchi wakamtoa. Katoo ole Metito ni mbunge wa siku nyingi wa Kajiado Kusini, na yeye pia aliwahi kuwa waziri wa usalama wa ndani.

Kila mmoja ana swali lake. Lenku aulizwe: miaka mitano ulikuwa na bajeti mkononi, nionyeshe kilichokamilika. Tena katiba yao inampa gavana vipindi viwili tu, kwa hiyo akishinda hiki ni cha mwisho. Aseme atamaliza nini. Nkedianye aulizwe: walikukataa 2017, umejifunza nini tangu siku ile? Metito aulizwe: bungeni umekaa sana, lakini kutunga sheria ni jambo moja na kuendesha hospitali ni jambo jingine. Nani atakusaidia kuendesha?

Shangazi akaniambia, "Mimi nilikuwa nataka nifuate chama tu, nisichoke." Nikamwambia, hapo ndipo penye mtego. Mwaka 2017 Lenku alishinda kwa tiketi ya Jubilee akimwangusha Nkedianye wa ODM. Mwaka huu Lenku yuko ODM, Nkedianye yuko Jubilee. Wamebadilishana mashati! Na vyama hivyo viwili sasa viko muungano mmoja wa Azimio, huku Metito akiwa UDA. Ukipima kwa shati tu, utajikuta umemchagua uliyemkataa.

Makamanda, mnacheka. Msicheke sana. Hapa hapa Arusha, meya aliyetokana na chama chetu, Kalist Lazaro, alihamia chama tawala mwaka 2019. Tulimpima kwa nini siku ile? Kwa sare. Nani kati yetu aliuliza kuhusu msimamo wake akiwa peke yake, taa zimezimwa na simu inaita? Hatukuuliza. Tulipiga makofi.

Tatu, nikamwambia shangazi aangalie nani atamsimamia huyo gavana. Kule wapo wawakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, na ipo Seneti. Ferdinand Waititu wa Kiambu aliondolewa na Seneti Januari 2020. Mike Sonko wa Nairobi aliondolewa Desemba 2020. Sonko akataka kurudi kupitia ugavana wa Mombasa, na Ijumaa ya wiki iliyopita, tarehe 15, Mahakama ya Juu ikasema kuondolewa kwake kulikuwa halali. Kwa hiyo kura ya mwakilishi wa wadi isipigwe kwa kusukuma tu. Huyo ndiye mlinzi wa mlango.

Nilidhani nimemaliza, najisikia mwanasheria kweli kweli. Shangazi akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Na ninyi huko Arusha, wenu mnampimaje?"

Jamani, nilikosa jibu. Sisi wa kwetu hatumpimi. Tunaletewa.

Ibara ya 61 ya Katiba yetu ya 1977 inasema kila mkoa utakuwa na Mkuu wa Mkoa, na kwa Tanzania Bara atateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Mwananchi hayumo kwenye sentensi hiyo. Na Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mtu huyo mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Mkurugenzi wa jiji naye anateuliwa na Rais. Sisi tunamchagua diwani, madiwani wanamchagua meya, meya anavaa joho, na mwenye kalamu ya malipo ni mkurugenzi ambaye hatukumchagua.

Neno "gavana" kwetu si geni. Wakati wa mkoloni tulikuwa na gavana, akiteuliwa London. Mwaka 1951, chini ya Gavana Twining, Wameru wapatao 3,000 walitolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili wapishe masetla. Nyumba zilichomwa. Wazee wetu hawakuwa na kura ya kumwondoa gavana. Wakafanya nini? Wakachanga, wakapima, wakamchagua mtu wao, Kirilo Japhet, wakamtuma Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Hakurudi na ardhi mkononi, kwa sababu theluthi mbili ya kura za Baraza Kuu haikutimia. Lakini dunia ilisikia jina la Meru.

Sasa niambieni, mwezi uliopita Loliondo tumeona nini? Vigingi vimewekwa kutenga kilomita za mraba 1,500. Askari mmoja ameuawa, wananchi wamejeruhiwa, wengine wamevuka mpaka kwenda Kenya kutafuta matibabu. Viongozi wa mkoa walisimama mbele kulitetea zoezi lile. Sina nia ya kumtukana mtu. Ninauliza swali la kisheria: kiongozi ambaye kazi yake haitegemei kura ya mtu wa Loliondo, anamsikiliza nani kwanza? Anamsikiliza aliyemteua. Hata angekuwa malaika, ofisi yenyewe imejengwa hivyo.

Najua kuna mtu atasema: mbona hao Wakenya wamechagua na bado wameibiwa? Ni kweli. Waititu alichaguliwa. Sonko alichaguliwa. Kura haimgeuzi mwizi kuwa mwaminifu. Ila tofauti ni hii: mashtaka yao yalisomwa hadharani, wakajitetea, na waliopiga kura ya kuwaondoa wanajulikana kwa majina. Kwetu mkuu wa mkoa akiondolewa tunasoma taarifa fupi usiku. Kakosea nini? Hatuambiwi. Kesho yuko kwingine.

Kwa hiyo tunapodai Katiba mpya, tusiidai kama wimbo. Tuseme ibara. Tuseme: ya 61 ibadilike, kiongozi wa mkoa achaguliwe, awe na ukomo, na kuwe na chombo cha kumwondoa.

Lakini mizani hainunuliwi siku ya mnada. Kama hatuwezi kumpima diwani leo, gavana tutampimaje kesho? Kikao cha baraza la madiwani ni cha wazi. Wangapi humu mmewahi kuingia? ... Mikono mitatu. Ripoti ya CAG hutoka kila mwaka na halmashauri zetu zimo. Wangapi mmesoma ukurasa wa Arusha Jiji, au wa Meru? ... Basi.

Ombi langu ni dogo. Uchaguzi wa mitaa ni 2024. Kila kata ianze daftari moja. Upande mmoja andika kilichoahidiwa, upande mwingine kilichofanyika, na tarehe. Waandikeni wa chama tawala, na waandikeni wa kwetu pia watakaoomba tiketi. Kamanda asiyetaka kuandikwa kwenye daftari la vijana wake, mimi namwogopa.

Jana shangazi kanitumia ujumbe. Anasema amewahoji wagombea udiwani wawili wa kule sokoni, mmoja kajibu, mwingine kamnunulia soda. Soda kainywa. Kura, anasema, bado anapima.