Apolo Kivebulaya: kurudi pale walikufukuza
Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama



Nitasema kidogo juu ya kasisi mmoja wa Kianglikana ambaye kaburi lake liko Boga, hapa Ituri. Apolo Kivebulaya alikuwa Muganda. Alibatizwa 1895, na mwaka uliofuata akavuka Semliki, akaja Boga kufundisha.

Hakupokewa vizuri. Sultani Tabaro alimukatalia, na alipigwa. Kisha dada ya sultani akaangukia mkuki uliokuwa ndani ya majani, akafa. Watu wakasema: ni Apolo. Akafungwa minyororo, akapelekwa gerezani Toro. Alipofunguliwa angeweza kubaki kule, nani angemulaumu? Lakini akarudi Boga, kwa wale wale. Na Tabaro, yule aliyemutesa, mwishowe akabatizwa.

Mu 1900 akawa shemasi, 1903 kasisi, 1922 kanoni wa Namirembe. Ukubwa huo haukumurudisha Buganda. Mpaka wa wakoloni ulipoacha Boga upande wa Kongo, yeye alikuja tena, akaenda hata kwa Wambuti ndani ya pori. Alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza wamuzike kichwa upande wa magharibi, upande wa pori la Kongo, hata kama desturi ya kwao ilikuwa ingine.

Wandugu, munajua: usiku wa 30 kuamkia 31 Mei 2021, Boga hiyo hiyo ilishambuliwa pamoja na Tchabi. Watu zaidi ya 50 waliuawa, wengi wakakimbia. Kwa hiyo sisemi kwamba kurudi ni jambo jepesi. Apolo alirudi kwa kupenda kwake, hakusukumwa. Na sisi tusimusukume mtu arudi kabla yeye mwenyewe hajaona usalama.

Lakini mwenye kurudi, tusimuachie mabati na mbegu tu. Shamba lake liko na mtu mwingine. Jina lake limetajwa vibaya wakati hayuko. Jirani aliyebaki naye aliteseka. Hayo yanaisha kwa barza, watu wakikaa chini, siku moja, siku tatu, hata kumi. Wafadhili wetu, siku hizo pia ziko na gharama: usafiri wa wazee, chakula cha wanaokaa. Muziandike kwenye bajeti pamoja na mabati.