Baridi Haipiki Maziwa



Sisi wa kambi ya wakimbizi ya Hagadera tukisema kuna baridi, jamaa wa Limuru hucheka. Kwao Julai ni makoti mawili na jiko la makaa sebuleni. Kwetu hapa Fafi, Julai ni upepo wa kutwa, vumbi machoni, na alfajiri ambayo shuka moja inatosha. Lakini ndiyo baridi yetu, na kila inaporudi hurudi na usemi wake: "Wakati huu maziwa ya ngamia yanyweni mabichi. Jua si kali, hayachachi."

Siku hizi usemi huo umepata mwenzake kutoka mbali. Kwenye simu za vijana kuna video za watu wa Ulaya na Marekani wanaokula vyakula visivyopikwa, hata theluji ikianguka. Wengine wao hushikilia kwamba chakula kikipita nyuzi joto 48, kimekufa. Kijana wa hapa anazitazama, anatabasamu, anasema: kumbe wazee wetu walitangulia. Hapo mzee na kijana, ambao kwa kawaida hawaafikiani hata juu ya mpira, wanakutana kwenye kikombe kimoja cha maziwa mabichi.

Nianze kwa kuwapa haki yao. Moto kweli huharibu baadhi ya vitamini, hasa vitamini C. Na maziwa ya ngamia yana vitamini C nyingi kuliko ya ng'ombe. Si ajabu mfugaji alikaa nayo malishoni miezi bila kuona mboga. Katika kambi hii, iliyofunguliwa mwaka 1992 na ambayo tangu hapo imeishi kwa unga, dengu na mafuta ya mgao, tunda bichi ni jambo kubwa. Ndizi kando ya wali, limau juu ya nyama, embe na tikitimaji kutoka mashamba ya mto Tana: kula, msikilizaji, ukijaliwa kupata. Menya, au osha kwa maji yaliyotiwa dawa. Waliokiona kipindupindu cha mwaka 2015 hapa kwenye kambi za Dadaab, na kile kilichorudi 2022, hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Lakini maziwa hayamenywi.

Sikiliza vizuri hapa, maana ndipo usemi wetu wa Julai unapotupoteza. Kinachochachisha maziwa ni vijidudu vinavyoongezeka haraka kukiwa na joto. Joto likipungua, huchelewa, na maziwa hukaa matamu hadi jioni. Hilo ni kweli. Ila kijidudu cha brusela, kinacholeta ugonjwa wa homa, hakichachishi maziwa. Hakibadilishi rangi, harufu wala ladha. Na kwenye ubaridi hakifi. Huishi muda mrefu zaidi kuliko kwenye joto. Kwa hiyo ile dalili tunayoitegemea, kwamba maziwa hayajachacha, haituambii lolote kuhusu ugonjwa huo. Maziwa yanaweza kuwa matamu na yakawa yameubeba.

Na anayeupata anaujua. Homa inakuja, inaondoka, inarudi. Usiku jasho linalowesha godoro. Kiuno na magoti yanauma kama ya mtu aliyepigwa. Mgonjwa anatibiwa malaria, kisha taifodi, na bado hainuki. Ugonjwa ukitambuliwa, ni dawa zaidi ya aina moja, kwa wiki 6 hivi. Mjamzito anaweza kupoteza mimba, kama ngamia mwenyewe anavyoitupa.

Kuna atakayeniambia: hayo ni maziwa ya dukani, mimi nayanywa ya moto moto, yametoka kwenye chuchu sasa hivi. Basi nikupeleke kisiwa cha Malta. Wanajeshi wa Uingereza waliokaa huko walisumbuliwa miaka mingi na homa isiyoeleweka. Mwaka 1887 daktari wao, David Bruce, alitangaza kwamba amekiona kijidudu chake, ndicho hiki cha brusela. Lakini kilitoka wapi? Ilichukua mpaka mwaka 1905, ambapo daktari Mmalta, Themistocles Zammit, alikikuta ndani ya mbuzi. Sasa fikiria mbuzi hao: walikuwa wakitembezwa mlango kwa mlango na kukamuliwa hapo hapo, mteja akitazama. Maziwa mabichi kuliko hayo hakuna. Na mbuzi wenyewe walionekana wazima kabisa. Mwaka uliofuata wanajeshi walikatazwa maziwa ya mbuzi, na homa ikashuka sana kambini mwao.

Nasi leo hali yetu ni nzito kuliko ya Malta. Mzee malishoni alikunywa maziwa ya kundi lake, ngamia anaowajua mmoja mmoja. Na hata yeye homa hiyo ilimpitia. Hakuwa na jina lake tu. Maziwa yanayofika sokoni Hagadera yamekusanywa kwa huyu na kwa yule, yakamiminwa pamoja kwenye jerikani la mafuta ya kupikia lenye mdomo mwembamba usiopitisha mkono wa kuosha. Ngamia mmoja mgonjwa anatosha kwa jerikani zima. Wewe unafikiri unakunywa maziwa ya wazee. Unakunywa maziwa ya makundi kumi.

Na susa, maziwa yetu yaliyochachushwa, je? Susa ni hazina yetu, na ule uchachu wake huvipunguza vijidudu. Kuvipunguza si kuvimaliza. Anayetaka susa ya amani ayachemshe maziwa kwanza, yapoe, kisha ayatilie kiasi cha susa ya jana, nayo iliyotengenezwa vivyo hivyo. Kibuyu kifukizwe moshi kama kawaida; ladha itakuja.

Najua jibu la akina mama, na ni jibu la haki: kuni. Tangu miaka ya tisini wanawake wa kambi hii wamezitafuta kuni mbali, na wapo waliovamiwa njiani. Mzigo wa punda unaouzwa leo si wa bei ya mchezo. Ndiyo maana sitaki suala hili liishie mlangoni mwa mama peke yake. Kaunti ya Garissa na mashirika yaliyopo hapa wana sehemu yao: mahali pa kukusanyia na kuchemshia maziwa kabla hayajaingia sokoni, makopo ya chuma yenye mdomo mpana, na kupima mifugo. Gavana, mkurugenzi, afisa wa mifugo, najua redio mnayo.

Wakati tunawasubiri, naomba tutazame jambo moja lililo mbele ya macho yetu. Katika nyumba ile ile isiyotaka kuchemsha maziwa ya kunywa, maziwa ya chai yanachemshwa kila siku. Jerikani moja, asubuhi moja, jiko moja. Nusu inapikwa mpaka inafoka, nusu inanywewa kama ilivyo, na hakuna anayeuliza tofauti ni nini. Kwa hiyo moto tayari upo, na kuni zake zimekwisha kulipiwa.

Basi kesho alfajiri, mama, kabla hujaweka maji, weka maziwa peke yake. Yaache yafoke. Chota ya mzee, chota ya watoto, yafunike yapoe. Yaliyobaki sufuriani ndiyo uyatilie maji, majani, iliki na sukari.